Mwalimu wa Kijerumani Anayebadilisha Majibu

Kwako mshauri, nakuomba unisaidie kabla sijampeleka mtu kwa chifu. Mimi ni mzee wa kamati ya mashamba hapa kijijini Kwanza, kazi yangu ni kusikiza mashahidi, na shahidi nikimuuliza jambo moja mara tatu akanipa majibu matatu najua ni mwongo, sasa binti yangu Nasambu amealikwa Ujerumani kulea watoto wa familia moja na lazima apite mtihani wa Kijerumani Nairobi mwezi ujao, ndipo akaleta mwalimu Hiram kutoka Bungoma, nami nikamtega, nikamuuliza "mtu mzuri" ni nini akasema der gute Mann, nikauliza "namwona mtu mzuri" akasema den guten Mann, nikauliza "nyumba ya mtu mzuri" hata Mann mwenyewe akageuka Mannes, kisha akacheka ati, "Mzee, si inategemea kama anatenda ama anatendewa," nikamwambia mtu mzuri ni mtu mzuri awe anapiga ama anapigwa, toka kwangu, na tangu hapo Nasambu ananipita kama nguzo ya stima. Huyu si tapeli?

Nyongesa, Kwanza

Mzee Nyongesa, pole kwa kununiwa na mtoto, lakini umemfukuza mtu asiye na hatia. Kijerumani ndivyo kilivyo: mtenda ana umbo lake, mtendwa lake, mwenye mali lake, na kivumishi hufuata, mara nyingine hata nomino. Hiram alikujibu sawa mara zote. Wewe mwenyewe husema mtu mzuri, watu wazuri, kiti kizuri, nani amekushtaki? Nimechoka na wazee wanaodhani kila wasichokijua ni wizi!

Na mbona hushuku penye kushukiwa? Umemhoji mwalimu mpaka herufi ya mwisho, lakini familia inayomchukua binti yako hukuitaja hata jina, wala mji wao, wala nani aliyewaunganisha na Nasambu. Ukali wako ulilala wapi hapo, bana?

Nenda Bungoma mwenyewe, usitume mtu, umwombe Hiram msamaha ili arudi. Kisha keti na Nasambu bila kelele, akuonyeshe mkataba, na muipigie simu familia hiyo, Hiram akitafsiri. Wakikwepa maswali, asiende, hata akipita mtihani. Wakijibu sawasawa, mpe baraka na umwache asome. Akianguka mtihani kwa sababu ulimnyima mwalimu, usiniandikie tena.