Mawe ya Kilima cha Mizabibu

Papa,

Ni mimi Sakina, binti yako wa pili. Naandika kwa herufi ulizonifundisha mwenyewe, kwa mkaa, kwenye vipande vya mbao. Nina habari na sitaizungusha. Kilima kimeanguka. Bwana mdogo ameondoka. Na mimi nina mkono wangu humo.

Miaka kumi na miwili ulivuka mto kwa mtumbwi kwenda Lubunga, ukapanda kilima kile kutunza mizabibu ya bwana mzee, yule mfanyabiashara Mzungu aliyetaka kunywa divai ya kwao hapa hapa Kisangani. Watu walimcheka. Zabibu gani zitakubali mvua hii? Wewe ulipanga mawe kwa mistari kukata mteremko, maji yashuke polepole na udongo ubaki. Ulibeba samadi ya mbuzi, majivu, maganda ya ndizi, majani yaliyooza. Ukichimba na kukuta minyoo minene, uliniita nije kuiona, na siku hiyo ulikuwa na furaha mpaka jioni.

Divai yenyewe hukuionja hata tone, Mwislamu wa Maniema wewe. Ulitafuna zabibu tu, ukatema ganda, ukasema: "Hii ya juu iko na nguvu. Ya chini iko maji tu." Kweli, juu kwenye changarawe nyekundu zilikuwa ndogo, ganda gumu, tamu mpaka meno yanauma. Chini kwenye udongo mweusi zilinenepa bila ladha. Mpishi wa bwana alituambia kwamba wageni wakinywa ile ya juu wananyamaza kwanza, halafu wanaomba tena. Unakumbuka ulivyocheka?

Halafu akaja bwana mdogo, mpwa wake, na madebe ya dawa ya kuua wadudu. Samadi akaiita uchafu. Akakuvika pompi ya kunyunyizia mgongoni, dawa ikavuja ndani ya shati. Nilikuwepo na kikapu changu cha kuchumia zabibu siku ulipomwambia: "Bwana, hii dawa iko inanichoma. Na udongo iko inakufa."

Akasema: "Nyunyiza."

Neno hilo moja. Ukanyunyiza msimu mzima. Ngozi ya mgongo ilitoka kwanza, kikafuata kikohozi, halafu damu. Mama alikupaka mafuta ya mawese kila asubuhi, na kila asubuhi ulirudi kilimani. Ulipokufa, bwana mdogo aliwaambia watu kwamba kifua chako kilikuwa kibovu tangu zamani. Mazishini hakuja. Alituma mtu nyumbani, siku ya pili ya matanga, kuchukua pompi yake.

Papa, nilimpa yule mtu pompi kwa mikono yangu. Halafu nikarudi kazini. Mama alinikasirikia, akasema sina haya. Sikumweleza. Nilitaka kuwa karibu na bwana yule.

Bila wewe udongo ulikuwa mweupe, mkavu juu, unanuka dawa. Nilichimba nisikute mnyoo hata mmoja. Zabibu za juu nazo zikanenepa kama za chini. Mpishi alisema bwana mzee alikunywa kidogo, akaweka glasi, akauliza nani ametia maji kwenye pipa. Bwana mdogo akaona aibu. Bon, akatafuta njia: apande mistari mingine katikati, na mawe yako yakajenge ghala la dawa zake. Kabla ya kuyang'oa akaniita.

"Papa yako alikuwa anaweka haya mawe ya nini?"

Nilijua, Papa. Ulinieleza mara mia. Ulimi wangu ulikuwa tayari kusema.

Nikamjibu: "Ni desturi tu, bwana. Wazee wa kwetu wanapenda kupanga mawe."

Akacheka. Nikacheka naye. Kisha nikasaidia kuyabeba.

Mvua kubwa zilipokaribia niliwaambia wanawake wenzangu wasipande juu siku za mvua, hata wakitukanwa. Walinisikia. Hakuna aliyeumia, na hilo nataka ulijue. Mvua ilinyesha siku tatu. Adhuhuri ya siku ya tatu mistari ya juu iliteleza, ikabeba ya kati, ikabeba ya chini, ikabeba ghala lenye madebe yake, vyote vikaishia mtoni. Nilisimama nikatazama. Mizabibu ya juu niliililia, maana kila shina ulilishika wewe. Bwana mdogo alikuwa amekaa kwenye tope, kofia imeloa. Nilimtazama sana.

Mjomba wake alimrudisha kwao. Siku ya safari nilikwenda bandarini na kikapu cha chikwange, mikate ile ya muhogo, kama muuzaji. Alipofika karibu na ngazi ya meli nikamsogelea.

"Bwana, yale mawe yalikuwa yanashika mvua. Mimi nilijua."

Akageuka mweupe zaidi. "Kwa nini hukusema?"

"Papa yangu alisema. Ulimjibu nini?"

Nilidhani ataita polisi. Alipanda meli.

Nilifikiri nitapoa baada ya hapo. Sijapoa. Napika, nacheka na wanangu, na hasira iko palepale.

Wiki iliyopita bwana mzee mwenyewe alifika kwetu Mangobo kwa miguu, kofia mkononi. Anataka nipange mawe upya, nirudishe samadi, nichague wafanyakazi mwenyewe. Aliniita "mama". Alisema divai ile ya Papa Sefu hajaipata tena popote. Basi, jina lako alilijua siku zote, na siku zote alikaa kimya. Nilimpa kiti na maji ya kunywa, kisha nikamwambia hapana.

Naahidi hivi, Papa: nitawafundisha wanangu kila ulichonifundisha, namna ya kulisha udongo na kuzuia maji. Watakifanya kwenye shamba letu, kwa karanga na mihogo yetu. Kilima kile hakitaguswa tena na mkono wa mtu wa nyumba hii. Na yule bwana mdogo, sitamsamehe. Usiniombe.

Lala, Papa. Mungu akutulize mgongo.

Sakina wako