Lumbesi ya Kadi

Jumamosi, 14 Aprili 2007

Mvua imeanza saa nane na haina dalili ya kukoma. Nimelipia nusu saa ya kompyuta hapa saiba, viatu vimelowa, moyo umelainika. Niandike upesi kabla sijaanza kujitetea.

Leo nimemdanganya mama yangu.

Mama ni mkulima wa viazi kule Dundori. Yeye ndiye aliyekuwa akiwasomea wenzake wa kanisani Neno kila Alhamisi, hadi siku moja mwaka jana alipompa jirani Biblia asome, akisema koo linamuuma. Koo hilo likaendelea kumuuma miezi na miezi. Nilipogundua kwamba tatizo ni macho, niliapa kumnunulia miwani kwa mshahara wangu mwenyewe. Alipimwa wiki mbili zilizopita, na leo tumeenda kuichukua kwa mzee mmoja Mhindi mwenye duka hapa mjini.

Sasa, benki imenipa kadi. Si ya kutolea pesa kwenye mashine tu. Hii hata dukani unalipia, inapitishwa kwenye kimashine, unatia sahihi, basi. Nimekaa nayo mwezi mzima bila kuitumia, naitoa tu kutazama jina langu. Pesa za miwani nilikuwa nazo taslimu kwenye kibeti, nilizitoa jana. Lakini nilitaka Mama anione nikitia sahihi.

Nikafungua kibeti, nikatoa kadi, nikamwambia mzee sina keshi.

Mzee akasema kwa kadi kuna nyongeza ya asilimia tano. Miwani ilikuwa elfu nne, kwa hiyo mia mbili juu. Mama, aliyekuwa amekaa kwenye stuli, akasimama.

Asiyelima viazi hawezi kuelewa kilichomsimamisha. Wanunuzi wakija kwetu, gunia likishajaa hushonea wavu mdomoni na kurundika viazi vingine mpaka gunia linaota nundu, kisha wanalipa bei ya gunia moja. Nundu hiyo ndiyo lumbesi. Mama amepigana nayo tangu nizaliwe. Kuna mwaka alikata uzi kwa kisu mbele ya broka, dalali wa viazi, na kuimwaga nundu yote chini. Mwaka huo hakuna aliyenunua kwetu, tukala viazi asubuhi na jioni.

"Maitu, twende," akaniambia. Huniita hivyo, yaani mama, kwa kuwa nimebeba jina la mama yake. "Hiyo ni lumbesi. Nimeikataa shamba, siwezi kuilipa town."

Miwani ikabaki kwenye kaunta. Ningetoa pesa kwenye kibeti mambo yangeisha, lakini ningeonekana mwongo. Nikazidi kuishika kadi. Kwa dakika nzima nilikuwa radhi mama yangu arudi Dundori haoni, mradi mimi nisiumbuke. Naandika hivi na bado naona haya.

Mzee hakukasirika. Alivua miwani yake mwenyewe, akaifuta kwa shati.

"Mama, hiyo mia mbili sili mimi. Kila nikipitisha kadi, benki inanikata. Nisipoongeza, inatoka kwa mfuko yangu."

Mama akamgeukia. "Kumbe hata wewe uko na broka?"

"Niko na broka, mama. Miaka mingi."

Mama akakaa tena. Akafungua fundo la leso yake, akatoa noti ya mia mbili iliyokunjwa mara nne na kuiweka kaunta. "Basi huyu alipe miwani na kadi yake. Hii nundu nitabeba mimi."

Mzee akampa chenji ya mia. "Tubebe nusu nusu."

Nikatia sahihi. Sahihi ikaharibika, haifanani hata kidogo na ile niliyoifanyia mazoezi. Mama alikuwa ameinama juu ya bega langu, ananukia moshi wa kuni, anatazama.

Nje tukajikinga mvua chini ya baraza ya duka. Alikuwa ameshavaa miwani, anasoma mabango ya ng'ambo ya barabara moja baada ya jingine, midomo ikicheza. Kisha akasema, bila kunigeukia, "Uwe unafunga kibeti. Pesa zinaonekana."

Nikakifunga.

"Ukiwa na keshi na unataka kutumia kadi, sema tu. Hata bila miwani nilikuwa naona vile umeishika."

Nampenda mama yangu. Sijui kama nimewahi kuandika hivyo mahali popote.

Akaomba risiti. Akaisoma polepole, kwa sauti: tarehe, bei, kisha jina langu, ambalo ni la mama yake. Hapo akarudia. Nyanya hakuwahi kushika kalamu. Akitakiwa kutia sahihi, aliweka kidole gumba.

"Angalia Maitu," akasema, na sikujua kama anazungumza nami au na Nyanya. "Siku hizi anaandika."

Akaikunja risiti, akaiweka ndani ya Biblia na kufunga mkoba wake.

Dakika zangu zinaisha. Jumatatu nitaomba ruhusa ya Alhamisi kazini, wakatae wasikatae. Nataka niwe pale kanisani koo lake likipona.