Cheti Nilichokipiga Pasi

Sumbawanga, Jumatano

Mama Maria, nakusalimu. Mimi mzima.

Cheti cha ualimu cha mwanangu Skola kilinyeshewa jana tukitoka Namanyere. Nikakipiga pasi ya mkaa, kikanyooka kama kitambaa cha altare. Nilivyofurahi!

Leo kwenye ofisi ya elimu, Skola alipokwenda kuomba kazi, karani akapitisha kidole penye mhuri. "Mama, mhuri wa kweli umeinuka, kidole kinausikia. Huu umelala bapa. Cheti hiki cha kughushi."

"Mwanangu, nimekipiga pasi mimi!" nikamwambia karani.

"Pasi? Kwani hiki kitenge?"

Watu wakacheka. Skola hakucheka, na njiani akatangulia mbele peke yake.

Karani amekubali kukiandikia chuo kuuliza. Jibu likichelewa, kazi anapewa mwingine. Mwanangu akose kazi kwa pasi yangu...

Mama Maria, tuombee, na usikawie kunijibu.