Mayai Kwenye Pazia la Mama

Yaya Furaha, mkubwa wangu,

Mayai yaliyo kwenye pazia la Mama ni ya nondo wako. Amethibitisha leo asubuhi yule mtaalamu wa wadudu wa Bukavu, baada ya kuona picha za jike aliyeyataga. Anasema nondo huyu hajawahi kuonekana nje ya Kongo, na hadi sasa wataalamu walimjua kwa dume mmoja tu, yule uliyempelekea wewe. Mayai yameanza kuwa meusi, yanakaribia kuanguliwa. Viwavi wakitoka wasipokuta jani lao, watakufa.

Jani hilo unalijua wewe peke yako. Simu yako haipatikani tangu ulipovuka Kavimvira kwenda Burundi, risasi ziliposikika upande wa Sange. Ndiyo maana nakuandikia hapa gazetini. Huenda aliye karibu nawe akakusomea.

Unakumbuka tulivyokuwa tukichambua ndakala ufukweni asubuhi? Nondo waliofuata taa za wavuvi walikuwa wamekwama katikati ya samaki. Mimi niliwatupa. Wewe ulimtia mmoja, aliyekuwa hai bado, kwenye chupa, ukamleta nyumbani; ndiye yule dume. Mama, ambaye kwake nondo anayeingia nyumbani ni mgeni aletaye habari, akakujia juu.

"Weye Furaha! Unafunga mugeni ndani ya chupa? Na kama ni shangazi yako?"

"Mama, shangazi haiko na mabawa."

"Iko na mulomo. Inatosha kumufikisha."

Wiki hii jike huyo alitua kwenye pazia la Mama, lile alilolitundika chumbani kwako. Nilichukua glasi na karatasi nimfunike. Mama akasimama katikati yetu. "Acha. Huyu analeta habari ya Furaha." Nikapiga picha tu. Kulipokucha alikuwa ameondoka, ameacha mayai. Nilitaka kulishusha pazia, nikazuiwa tena: "Mugeni ameacha watoto. Utawafukuza?" Mama huyachungulia kila akipita, na kila akichungulia huniuliza kama umepiga simu.

Nimepanda mlima ulio juu ya Kilibula na kurudi na majani ya kila mti niliofikia. Ni kubahatisha. Ulipowaona viwavi wake wakila jani lile nilikuuliza ni la mti gani, ukanicheka: "Weye mwandishi? Utatangaza, watu wapande mulima wang'oe muti wote." Nilikasirika. Leo nakuomba uendelee kunificha jina lake. Usilitaje kwenye simu ya mtu, wala usijibu gazetini.

Wanaosimamia mpaka wametangaza kwamba waenda kwa miguu wataruhusiwa kuvuka Jumatatu asubuhi. Mama nami tutakuwa Kavimvira, upande wetu. Kama huwezi kuvuka, mpe anayevuka jani moja bichi, atafute mama mzee aliyeshika pazia. Asiseme neno. Mtaalamu atajua ni la mti gani, na Mama atajua uko hai.

Jumatatu, basi.

Mdogo wako,
Kilibula, Uvira