Jua Lilipopungua Mwezi wa Kwanza

Jumatano, Machi. Mawingu yamelalia majani chai tangu asubuhi. Nimekunywa chai bila kujua kama niliweka sukari.

Leo nakiri jambo.

Mnaonisoma hapa mnaijua kazi yangu. Kwenye mlima wetu, juu ya soko la Kebirigo hapa Nyamira, kuna mlingoti wa kupimia upepo, na chini yake kifaa cha kupimia jua chenye kioo cha mviringo. Vipimo hivyo ndivyo vitakavyoamua kama mradi mkubwa wa umeme wa jua na upepo utajengwa kwetu au utapelekwa kwingine. Upepo hauhitaji mtu. Kioo lazima kipanguzwe vumbi na kinyesi cha ndege kila asubuhi, la sivyo kinaona giza. Mimi ndiye mpanguzaji. Kwa sababu ya Sabato nilikuwa nakipanguza Ijumaa kabla jua halijatua, kisha Jumapili alfajiri. Injinia Okoth, bwana mpole wa kutoka kando ya ziwa anayesimamia vipimo, alinitania kwamba hata jua la Nyamira limebatizwa.

Mama alifariki mwezi wa kwanza. Tulimzika nyumbani, karibu na migomba. Watu walikuja, wakaomba, wakala, wakaondoka. Niliendelea kuamka, kufagia, kuchuma chai. Sijalia mpaka leo, na sidhani huo ni ushujaa.

Mlimani sikwenda.

Sikusahau. Kila asubuhi nilikumbuka, nikakaa tu. Na huo ndio mwezi wa jua kali, barabara ikitimua vumbi kutwa.

Jana Injinia aliniita Kisii mjini, akanionyesha mchoro kwenye kompyuta yake. Mstari unakwenda vizuri miezi yote, halafu unaporomoka Januari na kubaki chini.

"Hii Januari yenu ni kama Julai," alisema. "Kwani jua lilienda wapi?"

Nikamjibu kwamba mawingu ya kwetu hayatabiriki. Akaandika. Wakubwa wake wanaamua Ijumaa.

Niliposhuka Kebirigo nilikutana na jirani yangu, Mama Moraa, amebeba mahindi yaleyale aliyoondoka nayo nyumbani. Stima ilikuwa imepotea siku ya tatu, mashine ya kusaga imelala. Aliniuliza kama jua letu limepita, kana kwamba ni mtoto aliyefanya mtihani. Yeye na majirani wamekubali kuunganisha mashamba kwa ajili ya mradi huu, watu wanaopelekana kwa chifu kwa mpaka wa unyayo mmoja. Nikamwambia vipimo viko sawa, tungoje tu. Nilidanganya mara mbili kwa siku moja na moyo haukushtuka. Hilo linaniogopesha kuliko uongo wenyewe.

Leo mchana nikampigia Injinia. Nikamwambia jua halikwenda popote, ni mimi: nilifiwa na mama, nikaacha kukipanguza kioo. Akasema pole, hakujua nimefiwa. Kuhusu kazi yangu hakuahidi chochote. Lakini siku ambazo kioo kilikuwa kichafu zinaweza kutolewa kwenye hesabu na uamuzi ukasogezwa mbele, bora ajue ni siku zipi.

"Kutoka lini?"

"Siku mama alifariki."

"Mpaka lini?"

Nilitafuta tarehe ya kumpa.

"Bado, Injinia," nikasema. "Bado sijaenda."

Akasema ataandika hivyohivyo: bado.

Kesho kukipambazuka nitapanda na kitambaa. Sijui kama nitahisi kitu. Nitapanguza tu.