Mkanda Usio na Namba

Majengo, Dodoma

Kwa Dada Zaina,

Shikamoo Dada. Nimetanguliza shikamoo kabla ya lolote kwa sababu najua umenuna, na haki unayo. Barua yako aliyoniletea yule dereva wa lori la viazi nimeisoma mpaka mikunjo imechanika, ila kujibu ndiyo nimeshindwa. Mguu wako vipi, uvimbe umeshuka? Na Mama, bado anakohoa alfajiri, au ile dawa ya majani imemsaidia? Huku vumbi limeanza. Upepo wa Dodoma wakati huu hauna adabu, unaingia mpaka kwenye sufuria iliyofunikwa. Mimi siumwi popote, lakini usingizi umenikimbia, na sababu yake ndiyo ninayokuandikia.

Uliposikia shirika limetupunguza kazini, nilikuandikia kwamba nimepata kibarua "kwenye video", nikaishia hapo. Sasa nikueleze vizuri. Yuko bwana mmoja, Fadhili, ana chumba cha mabati karibu na soko. Ndani kuna televisheni, deki na mabenchi. Watu hulipa kiingilio wakatazama sinema, nyingi za Kichina, za upanga na mateke, zilizoandikwa Kiingereza kwa chini. Mimi husimama kando ya televisheni na kipaza sauti, nawaambia kwa Kiswahili nani kasema nini. Basi. Ule Ukarani Daraja la Pili wote umeishia hapo, Dada, na nisikudanganye, naipenda kazi hii kuliko ile.

Sinema inayojaza chumba ni moja. Staringi wake watu wamempa jina la Jemedari, na ana mpishi wake anayembebea masufuria kila aendapo vitani. Iko mikanda mitatu, imeandikwa namba kwenye majalada. Katika mkanda wa pili, Mpishi anaingia mtoni avuke kwenda kumtafutia Jemedari dawa, na hapo ndipo mwisho wake. Mkanda wa tatu haumtaji kabisa. Watu walikuwa wakiniuliza kila siku, "Hamisi, Mpishi kaenda wapi?"

Unakumbuka ulivyokuwa ukitusimulia hadithi jikoni, nami nakukatiza, "Na yule punda aliyeachwa njiani je?" Ulikuwa unachochea kuni kwanza, kisha unaniambia punda alikokwenda. Nadhani ugonjwa huu nimeutoa kwako. Umeme ulipokuwa wa mgao, Fadhili hakutaka kurudisha viingilio, akaniambia, "Waambie chochote." Nikaanza kuwaambia alikokwenda Mpishi. Alivuka mto, akafika nchi ya watu wanaochimba mawe ya buluu chini ya ardhi, akafanyishwa kazi, akaumwa, akapona, na siku moja akashika njia ya kurudi. Kila umeme ulipokatika niliongeza kipande. Ikafika mahali watu wanaomba umeme ukatike.

Mlangoni pale kuna mama anayeuza karanga, Mama Yona, Mgogo wa kijiji cha Zuzu, mjane, mtu wa kanisani. Haingii ndani, anasikiliza tu. Asubuhi kabla watu hawajaja tulikuwa tukikaa pamoja, ananimegea karanga, ananipa habari za mwanawe. Yona alikwenda Mererani kuchimba tanzanaiti wakati vijana wote walipokuwa wakikimbilia huko, na habari zake zikakatika. Aliniambia mwanawe tangu mtoto alikuwa na tabia moja: akila, hubakiza tonge moja pembeni ya sahani kwa ajili ya aliyepika. Hata kama ana njaa namna gani.

Dada, tonge lile nililichukua. Sikulichukua kwa ubaya. Nilikuwa nimesimama gizani, watu wananisubiri, nahitaji kitu cha kumfanya Mpishi awe mtu, na mdomo ukatoa wenyewe: "Akala, akabakiza tonge moja pembeni." Chumba kizima kikasema, "Aaa." Nikafurahi. Sikufikiria nani yuko mlangoni.

Kumbe wakati ule wazee wa ukoo kule Zuzu walikuwa wamekwisha kuamua Yona aombolezwe, mambo yaishe, na Mama Yona alikuwa ameshakubali. Baada ya kusikia habari ya tonge akawaambia wasubiri kwanza. Hayo nilikuja kuyajua baadaye.

Basi Fadhili akarudi kutoka Dar na mkanda mpya. Jalada lilikuwa na picha ya Mpishi peke yake, na halikuwa na namba. Watu walijaa mpaka wengine wakasimama. Mimi sikuwa nimeutazama kabla, nikaanza kutafsiri hivyo hivyo. Kumbe ndani yake Mpishi hakuuvuka ule mto. Alizama mwanzoni tu, na sinema yote iliyobaki ni maisha yake ya zamani kabla hajakutana na Jemedari.

Ulipokwisha, kelele zikaanza. Yuko mwanafunzi mmoja wa chuo, Gasper, ambaye siku zote alikuwa akinipinga. "Mkanda wenye namba ndio mkanda," husema. "Moja, mbili, tatu, kwisha. Hivyo vya Hamisi ni porojo za gizani."

Siku hiyo makanika mmoja akamgeukia. "Haya, Gasper, na huu hauna namba. Unahesabika au hauhesabiki?"

"Mchezaji ni yule yule," Gasper akasema, "lakini waliotengeneza ni wengine. Ni hadithi ya pembeni."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo... ukitaka unaihesabu, usipotaka huihesabu."

"Kama ni hivyo, na ya Hamisi tuihesabu!"

"Hamisi ametunga!"

"Na hao Wachina hawakutunga? Walikuwepo mtoni?"

Watu wakacheka. Mimi mwenyewe nikacheka. Ndipo nikamwona Mama Yona amesimama ndani, kati ya mabenchi, mahali ambapo sikuwahi kumwona.

"Samahani wanangu," akasema. "Mpishi amekufa au hajafa?"

Gasper akajibu kwa heshima, "Inategemea, mama."

"Inategemea nini? Mtu hufa kwa kutegemea?"

Hakumtazama tena Gasper, alinitazama mimi. Nami nikiwa bado nimeshika kipaza sauti, na ile raha ya kushangiliwa bado imenijaa kifuani, nikatoa hukumu kama hakimu. "Hajafa, mama. Mkanda huu hauhesabiki. Yuko njiani anarudi."

Chumba kikalipuka kwa makofi.

Nilipotoka alikuwa akinisubiri. "Hamisi, mwanangu, ulikutana naye wapi?"

"Na nani, mama?"

"Usinifiche. Habari ya tonge huwezi kuijua kama hukula naye. Kama kakuomba usiseme, nitaelewa, labda ana aibu hajapata kitu. Ila mimi nitamfuata huko huko."

"Mama, ile ni hadithi tu."

Akatabasamu. "Ndiyo. Najua huna budi kusema hivyo."

Nilikuwa na nafasi ya kumwambia, "Uliniambia wewe mwenyewe, asubuhi, tukila karanga." Ni maneno machache. Lakini Fadhili alikuwa akiniita ndani, na kusema kweli niliona haya, nikaona nitamweleza kesho. Kesho yake nafasi yake mlangoni ilikuwa tupu. Jirani yake wa maandazi akaniambia ameuza mbuzi wake wote na kupanda basi la Arusha, aende Mererani.

Siku zile sijui nilitafsiri nini. Nilichanganya wafu na wazima, watu wakanizomea. Kila basi la kutoka Arusha kupitia Kondoa lilipoingia stendi, nilikwenda kutazama wanaoshuka.

Alirudi jioni moja amejitanda kanga nyeusi. Sikuhitaji kuuliza. Wachimbaji wenzake Yona walimpeleka mama kwenye kaburi la mwanawe. Yona aliugua homa, wakamhangaikia, akafa, wakamzika wao wenyewe na kuweka msalaba wa mbao. Alikufa zamani, Dada. Nilipokuwa nikimrudisha nyumbani kipande kwa kipande, mwenyewe alikwisha kuwa mchangani.

Nikapiga magoti palepale stendi, mbele ya wapiga debe. Nikamwambia yote: sikukutana na Yona, tonge nililisikia kwake, nililisema ili nishangiliwe.

Akaniinua. "Najua," akasema. "Nilikumbuka njiani, tumeshapita Kondoa. Nikakumbuka mpaka karanga tulizokuwa tunakula. Nikataka kushuka. Nikasema, nauli nimeshalipa."

"Mama, nisamehe."

Akaniomba nimbebee mzigo wake.

Msiba uliwekwa Zuzu. Tukiwa njiani kwenda nilimwambia nitasimama niwaeleze wazee ukweli, maana wote, kwa alivyowaambia yeye mwanzo, waliamini kuna kijana mjini aliyewahi kula na Yona. Akasimama barabarani.

"Usiseme."

"Lakini mama, ni uongo."

"Ukisema, wewe utakuwa umejitua. Na mimi? Niwe kikongwe aliyeuza mbuzi akakimbilia hadithi ya video? Baba mdogo wake Yona atalisema hilo mpaka nife. Kaa kimya, Hamisi. Hilo ndilo ninalokudai."

Nikakaa kimya. Walinikalisha kwenye mkeka pamoja na vijana wa ukoo. Baada ya sala, baba mdogo wa Yona, mzee Elia, aliyekuwa mstari wa mbele kutaka mambo yaishe, akasimama na fimbo yake. Alisema Kigogo kwanza, kisha akageuza Kiswahili kwa ajili yangu. "Mtoto wetu tungemwombolezea hewani. Bila huyu kijana tusingejua amelala wapi. Mungu akubariki." Wanawake wakapiga vigelegele vya machozi. Watu wazima wakaja mmoja mmoja kunishika mkono kwa mikono miwili. Wengine walinishukuru kwa lugha yao, sikuelewa, nikawa naitikia tu. Mama Yona alikuwa amekaa mkabala nami, ameinamisha kichwa. Hakuniangalia hata mara moja.

Sasa kule kwenye mabenchi wananiomba niendelee na safari ya Mpishi. Nimewaambia Gasper alikuwa na haki, chenye namba ndicho chenye namba, mimi nitatafsiri kilichopo tu. Cha ajabu Gasper mwenyewe amenung'unika kuliko wote. Fadhili anatishia kutafuta mtu mwingine. Mama Yona amerudi mlangoni. Asubuhi namsalimia, ananiitikia, ananimegea karanga kama zamani. Habari za Yona hanipi tena.

Nisalimie Mama, umwambie nakula vizuri. Nisalimie shemeji Bakari na mashine yake ya cherehani, Bibi Mwanaidi mkunga aliyetupokea sote duniani, na Mjomba Shekue, umwambie suruali aliyonipa bado inanikaa. Watoto wabusu kwa niaba yangu. Mama akitaka asomewe barua hii, msomee mpaka kwenye vumbi, kisha uruke mpaka kwenye salamu.

Hayo mengine ni yako peke yako. Watu wa Zuzu wameniletea gunia la karanga la shukrani. Liko hapa chumbani karibu na kitanda, halijafunguliwa, na kila mgeni anayeingia huuliza nimelipata wapi. Nijibu nini, Dada?

Mdogo wako anayekuheshimu,
Hamisi