Shimo la Kumsimamisha Baraka

Jumatano, jioni

Daktari alinieleza, na nilielewa. Ubongoni mna seli zinazolea mishipa ya fahamu na kuivika utando wa mafuta, ndipo amri ya ubongo ifike miguuni. Za mwanangu Baraka zinachelewa kazi hiyo. Ana mwaka na nusu sasa, hata kukaa hawezi.

Leo mama mkwe kachimba shimo uani, tumfukie hadi kiunoni miguu ipate nguvu. Nikamwambia habari za seli. Akacheka.

"Wee Mama Baraka, mumeo nilimsimamisha hivihivi. Hizo seli zilikuwa wapi?"

Mtoto alilia, akaninyooshea mikono. Na mimi niliyeelewa ndiye niliyeshindilia udongo. Ee Mungu, nilitaka tu asimame.